Turbo ya Nairobi katika Joto la Hijazi

Ukipita na Subaru Forester yenye turbo kwenye barabara ya Ngong, Nairobi, jioni ya Ijumaa, huhitaji kujitambulisha. Vijana waliosimama kituoni wanageuka kabla hujawafikia, maana mlio umekutangulia. Mmoja atakupungia mkono uikanyage ipasue, na mzee aliye karibu naye atakunja uso. Kwa miaka mingi askari kanzu wa jiji hilo nao wamependa kupanda Subaru, kwa hiyo jina lenyewe mtaani limebeba sifa mbili zisizopatana: gari la vijana wa starehe, na gari ambalo likikufuata nyuma usiku unaanza kukumbuka madeni yako yote.

Hapa Jeddah hakuna anayegeuka. Gari lile lile likisimama kwenye taa za barabara ya Madina, kushoto Suburban na kulia Land Cruiser, huonekana kama mtoto aliyefuatana na wazee harusini. Halidharauliwi, ila hakuna anayelisalimu. Saudia ina mashujaa wake wa mashine. Tangu Januari 2020 mbio za Dakar zinafanyika katika majangwa yake, na mwaka 2025 Yazeed Al-Rajhi alipokuwa Msaudi wa kwanza kuzishinda upande wa magari, usukani alioshika ulikuwa wa Toyota Hilux. Sisi tulikuzwa na Safari Rally. Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, wote wawili katika Impreza ya buluu iliyorudi na tope hadi kwenye vioo. Mtu akija kununua gari ukubwani hudhani anatumia akili, kumbe ni yule mtoto wa kando ya barabara anayetoa pesa.

Basi nami nilinunua Forester XT. Ni ya kizazi cha nne, kile kilichotoka Japani mwishoni mwa 2012 na kukoma 2018, toleo la Khaliji, yaani la nchi za Ghuba, usukani kushoto. Injini ni ya lita 2.0, silinda nne zilizolala mbili mbili zikitazamana pande, na turbo moja. Toleo hili la nje ya Japani linatoa nguvu za farasi 241. Wenzetu wanaoagiza kutoka Japani kwenda Mombasa na Dar es Salaam hupata la farasi 280. Msokoto ni ule ule, Nm 350, na ndio unaouhisi kila siku, kwa sababu unafika mapema, mizunguko ya injini ikiwa 2,400 tu kwa dakika. Nguvu hiyo inagawiwa tairi zote nne muda wote. Hakuna kitufe cha kubonyeza wala lango la gia la kuvuta.

Watu wa Nairobi hawaitambui turbo kwa namba hizi. Wanaitambua kwa pua, lile tundu juu ya boneti linalomeza hewa, na kwa mlio. Ijumaa moja mtaa wa Batha, Riyadh, nilikutana na kijana wa Kakamega, dereva wa nyumba, anayewapeleka watoto wa kafili wake, mwajiri anayemdhamini, shule kwa GMC Yukon. Aliona nembo ya XT nyuma akasimama.

“Mzee, hii ni turbo kweli ama ni stika tu? Pua iko wapi?”

Nikafungua boneti. Kizazi hiki kiliondolewa pua. Hewa inaingilia kwenye grili na kupita katika njia iliyofichwa chini ya boneti hadi kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa iliyokaa juu ya injini. Akaniomba niwashe. Akainama, akasikiliza, akainuka taratibu.

“Haiongei,” akasema.

Alikuwa amesema kweli. Ule mngurumo wa kukatikakatika ambao Nairobi nzima inaujua ulitoka kwenye injini za zamani za Subaru, ambazo mabomba yao ya moshi upande wa kushoto na kulia hayakulingana urefu, hivyo moshi ulifika kwenye turbo kwa mapigo yasiyopishana sawasawa. Injini hii mpya mabomba yake yanalingana na turbo imeshushwa chini mbele. Moshi unapita vizuri zaidi na mlio umekufa. Kwa mwenye watoto watatu wanaolala nyuma safarini, hiyo ni neema. Kwa kijana wa Kakamega ilikuwa msiba, na sikujaribu kumfariji.

Sasa turbo yenyewe inasaidia nini katika nchi ambayo barabara zake nyingi ni tambarare na zimenyooka? Jibu langu lipo Taif. Kutoka Jeddah, usawa wa bahari, unashika njia ya Makkah, unafika Al-Kar chini ya mlima, kisha barabara ya Hada inaanza kujikunja ukutani mwa milima ya Sarawat. Kona juu ya kona, korongo upande mmoja, na nyani wamekaa juu ya kingo za saruji wakingojea ndizi za wasafiri. Juu kabisa, Hada, umefika karibu meta 2,000. Mji wa Taif wenyewe uko juu ya meta 1,700, yaani mwinuko wa Nairobi kwa kukadiria. Mwili unautambua mara moja: jasho la Jeddah linakauka, vioo vinafunguliwa, mke wangu anauliza shali liko wapi.

Injini pia inautambua. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi na inayoingia kwenye silinda ni pungufu. Gari lenye nguvu za farasi 150 Mombasa, likifika Nairobi lina kama 125. Turbo inafidia upungufu huo. Ni mapangaboi mawili katika shafti moja: moshi unaotoka unazungusha la kwanza, la pili linasukuma hewa ndani kwa nguvu, na hewa ikiwa nyepesi, shafti huzunguka kwa kasi zaidi kuziba pengo. Ndiyo sababu, ukiacha sifa na makelele, turbo ina maana kwa mtu wa Limuru au Eldoret kuliko kwa mtu wa Kisauni. Na ndiyo sababu nikiwa nimepakia mke, watoto, mama mkwe aliyekuja Umra, katoni za tende na madumu ya Zamzam, kiyoyozi kimefunguliwa mwisho, gari linapanda Hada bila kulia. Magari madogo ya kukodi niliyowahi kupanda nayo njia hiyo hiyo yalinilazimisha nizime kiyoyozi nusu ya mlima, jambo ambalo kwa mama mkwe si la kufanya mara mbili.

Kwenye kona hizo ndipo pia nilipoelewa faida ya tairi zote nne kuvuta. Watu wanadhani ni mambo ya tope na mchanga. Barabara ya Hada ina lami safi, lakini mvua ya Taif hushuka ghafla, na lami iliyopata vumbi la miezi na mafuta ya magari ikiloa kwa mara ya kwanza inateleza kama iliyopakwa sabuni. Ukitoka kwenye kona kali ukakanyaga, gari linalovuta tairi za mbele peke yake hupapasa kwanza. Hili halipapasi. Linaondoka. Ila kushuka ni hesabu nyingine: tairi nne zinazovuta hazikupi breki za ziada, na nimeona madereva waliosahau hilo wakipumzika pembeni huku magurudumu yanafuka moshi.

Mchanga tumeuachia wenyewe. Forester ina kimo cha milimita 220 kutoka ardhini na kitufe cha X-Mode kinachobana tairi linalozunguka bure ukiwa chini ya kilomita 40 kwa saa. Inatosha kwa njia ya mawe ya kwenda Jebel Fihrayn, kule ukingoni mwa mwamba kaskazini magharibi ya Riyadh wanakoita Mwisho wa Dunia. Haitoshi kwa vilima vya Thumamah siku ya mapumziko, pale vijana wa Riyadh wanapoteremsha upepo wa tairi za Land Cruiser na Patrol na kupanda mchanga kama ngazi. Forester haina gia nzito ya chini, na gia zake za CVT zikitaabishwa kwenye mchanga mlaini zinapata moto hadi taa ya onyo iwake. Ukienda Thumamah, paki kwenye lami, tandika mkeka, tazama.

Nimetaja moto. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Dereva wa Afrika Mashariki aliyezoea turbo huja Saudia akijua adui wa turbo ni mafuta machafu, oili ya kuchakachua na fundi wa kubahatisha. Yote hayo ni kweli kwetu. Hapa mafuta ni safi, oili halisi ipo, na adui ni hali ya hewa. Turbo hushindilia hewa, na hewa ikishindiliwa hupata moto. Intakula ipo ili kuipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Lakini intakula inapoza kwa hewa ya nje, na Riyadh mwezi wa saba hewa ya nje ni digrii 45. Iliyoko juu ya lami ni moto zaidi. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa inapita na mambo yanakwenda. Likikwama kwenye foleni ya barabara ya Mfalme Fahd saa nane mchana, intakula iliyokaa juu ya injini inaokwa na injini yenyewe. Kompyuta ya gari inahisi joto hilo na kupunguza nguvu ili injini isipige kengele, kama mafundi wetu wanavyouita ule mlio wa mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Taa inageuka kijani, unakanyaga, na farasi 241 hawapo. Wamebaki labda wa kutosha kuvuka makutano. Ukishika kasi dakika chache, wanarudi mmoja mmoja.

Wageni wengi hudhani gari limeharibika. Halijaharibika; linajilinda. Aliyetoka Nairobi, ambako usiku wa baridi wa mwezi wa saba hewa yenyewe ni digrii 12 na turbo inakunywa kwa raha, huona kama ameuziwa gari jingine.

Joto hilo hilo ndilo linalopanga matunzo. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikiungua, utando unakwisha, na turbo inaanza kulia filimbi. Kitabu cha gari kinatoa ratiba moja kwa hali ya kawaida na nyingine, fupi zaidi, kwa hali ngumu: joto, vumbi, safari fupi, foleni. Hapa hakuna hali ya kawaida, kwa hiyo kilomita 5,000 ndiyo desturi yangu, na kichungio cha hewa nakigonga vumbi kila baada ya dhoruba ya mchanga. Baada ya safari ndefu siizimi injini papo hapo. Naiacha inguruma kidogo huku watoto wanakusanya viatu. Na kwa kuwa mafuta katika injini hii hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hayapiti tena juu ya vali za kuingizia hewa kuziosha, hivyo masizi hujijenga huko taratibu. Fundi mmoja Mhadhrami katika Sanaiya, mtaa wa gereji wa Jeddah, aliyezaliwa Mombasa na anayetukana vipuri kwa Kiswahili fasaha kuliko changu, alinionyesha vali zilizotolewa kwenye gari la mteja: zimevaa ukoko mweusi mnene. “Hii ukisikia inatikisika asubuhi, usinunue dawa ya chupa, mwanangu. Ilete ioshwe.”

Kuhusu petroli, pampu za Saudia zina kijani kwa 91 na nyekundu kwa 95. Turbo inataka nyekundu. Tofauti ya bei tangu serikali ilipoweka kikomo Julai 2021 ni ndogo, riyali 2.18 kwa 2.33, kwa hiyo tangi la lita 60 linazidiana riyali tisa tu, na anayeweka kijani kwenye injini ya turbo kwa ajili ya riyali tisa anajitafutia. Uchungu uko kwingine. Wazee wa hapa wanakumbuka kabla ya mwisho wa Desemba 2015, lita ya 95 ilipokuwa halala 60, yaani riyali 0.60. Tangi zima lilikuwa riyali 36. Leo ni 140. Enzi zile Suburban yenye injini ya V8 ilikuwa gari la maskini mwenye watoto wengi, na hakuna aliyeuliza gari linakula kiasi gani. Sasa wanauliza, na injini ndogo yenye turbo, iwe ya Japani, Marekani au hizi za China zilizojaa barabarani, imepata kazi katika nchi ambayo zamani ingechekwa.

Ila injini ndogo nayo ina masharti. Riyadh hadi Jeddah ni kama kilomita 950. Tangu 2018 sehemu za barabara kuu zimeruhusiwa kilomita 140 kwa saa, na kamera za mwendo za Saher zinahakikisha husahau. Ukienda 140 badala ya 110, ukinzani wa hewa unaongezeka zaidi ya nusu, na gari la umbo la kabati kama hili linalipa kila kitu. Turbo inajaza upepo muda wote, mshale wa mafuta unashuka unauona. Kwa 120 gari ni la adabu: kimya kiasi, limetulia hata upepo wa pembeni unaposukuma malori, na ukitaka kulipita lori lenye trela mbili unakanyaga na kumaliza habari. Hapo ndipo napenda turbo kuliko mahali popote. Nguvu inakuja mapema, huhitaji kuipigia injini kelele.

Mke wangu ana maoni yake, na yeye ndiye anayeliendesha zaidi. Alijifunza udereva Mombasa, usukani kulia, kisha akaja hapa akakaa kiti cha abiria kwa miaka. Tarehe 24 Juni 2018 wanawake waliporuhusiwa kuendesha, hakwenda siku hiyo barabarani kupiga picha. Alingoja leseni, akaanza na uchochoro wa nyuma ya nyumba, mkono wa kushoto ukitafuta gia palipo na mlango. Leo anawapeleka watoto shule na kwenda sokoni Balad akirudi na samaki. Turbo haimhusu. Anachosifu ni vioo vikubwa na nguzo nyembamba, anaona pembe zote za gari, jambo ambalo kwenye Yukon ya shoga yake haliwezekani. Anachokilaumu ni kile kituo kidogo baada ya kukanyaga. Jeddah ni mji wa mizunguko yenye masanamu katikati, na ya Baiskeli ndiyo maarufu kuliko yote. Ukiona nafasi ya kuingia lazima uingie sasa hivi. Unakanyaga, gari linawaza, halafu linaruka. “Linanijibu nikishamaliza kuuliza,” husema. Kuna kitufe kwenye usukani cha kubadilisha tabia ya injini, nacho kinapunguza kungoja huko. Anakibonyeza akiingia mzunguko, anakizima akitoka. Vioo vile vikubwa pia vinaleta jua, na kiti cha nyuma bila vivuli vya kubandika hakikaliki mchana.

Kuna jambo moja la tairi ambalo wauzaji hawalisemi. Gari linalovuta kwa tairi nne linataka tairi nne zinazolingana mzunguko. Moja ikiwa mpya na tatu zimelika, ile mpya huzunguka mara chache zaidi kuliko wenzake, na mtambo wa kugawa nguvu unafikiri kuna tairi linateleza, unahangaika nalo safari nzima hadi unaungua. Msumari mmoja njiani unaweza kukugharimu tairi nne. Gereji moja ya Sanaiya iliniambia mbili zinatosha, “za mbele tu, ya akhi, utaona.” Nilitoka. Na kabla ya kulipa, soma tarakimu nne zilizochongwa ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa stoo miaka mitatu katika joto hili ni zee hata kama manyoya yake ya mpira bado yapo, na kupasuka kwa tairi kwa mwendo wa 140 ni ajali ambayo Forester, Suburban wala Land Cruiser haina dawa yake.

Wala dhidi ya maji hakuna dawa. Jeddah imekalia midomo ya mabonde makavu yanayoshuka milimani. Tarehe 25 Novemba 2009 mafuriko yaliua zaidi ya watu 100, wengi wakiwa ndani ya magari. Tarehe 24 Novemba 2022 mji ulipata milimita 179 za mvua katika saa chache na magari yakaelea kama vikapu. Mtu mwenye gari la tairi nne huwa wa kwanza kujaribu kuvuka, kwa kuwa ameambiwa linaweza. Tairi zote nne zikielea, zote nne hazina kazi, na injini yenye turbo iliyopangwa chini ikinywa maji imekwisha. Serikali siku hizi inamtoza faini ya riyali 5,000 hadi 10,000 anayevuka bonde lililojaa. Nadhani ni bei nafuu ukilinganisha na mengine.

Gari la familia kwa mhamiaji lina hesabu nyingine ambayo haiandikwi kwenye karatasi ya muuzaji. Julai 2017 Saudia ilianza kutoza ada kwa kila mtegemezi wa mgeni mwenye iqama, kibali cha ukaazi: riyali 100 kwa mwezi, ikapanda mia kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Mke na watoto watatu ni riyali 1,600 kwa mwezi, 19,200 kwa mwaka. Yaani kila kiti cha abiria kina bei yake, 4,800 kwa mwaka, hata gari likiwa limepaki. Miaka ile ya kupanda kwa ada tuliona familia nyingi, za Kiafrika na za Kiasia, zikirudishwa makwao, baba akabaki peke yake katika chumba cha kushirikiana. Magari ya viti saba yakajaa haraj, soko la mnada wa magari. Wengi wa wenzetu waliobaki na familia walihama kutoka viti saba kwenda vitano, nami ni mmoja wao. Watatu nyuma wanatoshana, mabegi yanalala sawa kwa kuwa sakafu ya nyuma ni bapa, na mama mkwe akija, mtoto mmoja anapakatwa kwa ugomvi au tunakodi.

Ukienda kuuza haraj, swali la kwanza ni “Khaliji au Amriki?” Wanataka kujua kama gari liliingizwa na wakala wa huku, na vifaa vya joto la huku, au ni mzoga wa mnada wa Marekani ulionyooshwa. La Khaliji linaheshimiwa. Lakini Subaru, hata ya Khaliji, dalali analizunguka, anapiga ulimi, anataja bei ambayo Nairobi isingenunua nusu yake. Hapa mfalme ni Toyota na wafalme wadogo ni Hyundai na Kia. Vipuri vya Forester vipo kwa wakala kwa bei ya wakala. Ukienda tashlih, yale makaburi ya magari kusini mwa Riyadh, utatembea kati ya Camry mia kabla hujaona bampa moja ya Subaru. Nairobi ungeshuka barabara ya Kirinyaga, mtaa tunaouita Grogan, ukarudi na kila kipande, pengine na kile ulichoibiwa jana.

Basi kwa nini usilipeleke nyumbani? Kila mmiliki mwenzangu ameulizwa. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa yale ya kazi maalumu kama ya wagonjwa au ya zimamoto. Forester iliyopotezewa thamani Jeddah na inayotamaniwa Nairobi haiwezi kuvuka kutoka soko moja hadi jingine. Wakongomani wa Bukavu na Goma wanaoendesha upande wa kulia wa barabara wangeweza kuipokea, ingawa kwa kichekesho cha mambo miji hiyo imejaa magari ya usukani wa kulia yaliyopitia Dar na Mombasa.

Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa anayerudi kwao nafuu ya kuingiza gari moja bila ushuru, akiwa ameishi nje si chini ya miaka miwili na amelimiliki gari hilo si chini ya miezi 12. Kwa waliotoka nchi za usukani wa kushoto, Kenya imeacha mlango: uza lako huku, nunua la usukani wa kulia lisilozidi thamani yake, lisizidi miaka minane. Sasa rudia hesabu. Thamani ya Forester yangu ni ile aliyotaja dalali wa haraj kwa kupiga ulimi. Kizazi chake kilikoma 2018, ukijumlisha minane unapata 2026. Kizazi cha tano kilianza bila turbo kabisa. Wajapani waliirudisha 2020 kwa injini ya lita 1.8, farasi 177, mpole kuliko huyu wangu.

Nilikuwa nimeanza kuitafuta hiyo ya 1.8 kwenye minada ya Yokohama, jioni, kwenye simu. Mke wangu akachungulia akauliza nyumba yetu iko wapi. Nikamwambia anajua vizuri iko Bamburi. Akauliza Bamburi iko meta ngapi juu ya bahari. Tunaagiza isiyo na turbo.